Benchi la Baba

Nyumbani kwetu Tanga, chini ya mwembe ulio upande wa jikoni, lipo benchi la mbao ambalo nimelijua tangu utoto. Urefu wake ni kama pima moja, miguu yake ni minne, na mgongo wake ni ubao mmoja usio na nakshi yoyote. Mgeni akiliona hawezi kulitamani. Hata hivyo habari yake ni ndefu kuliko sura yake, nami naiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba niliharibu kitu katika benchi hilo ambacho hakitengenezeki tena. Ya pili ni kwamba katika kutafuta namna ya kulirekebisha nilijikuta nasoma historia ya pwani yetu mahali ambapo sikuitarajia kabisa, yaani katika matundu ya misumari.

Baba alikuwa fundi seremala. Hakuwa fundi wa kusifiwa mji mzima, la hasha. Alitengeneza milango, madirisha, vitanda vya kamba na madawati ya shule, na fedha aliyoipata ilitutosha kwa kubana. Mwaka 1963 alinunua mbao za kotia kuukuu iliyokuwa ikivunjwa ufukoni. Kotia, kwa msomaji ambaye hakukulia pwani, ni chombo cha matanga cha Wahindi, chenye shetri iliyochongwa nakshi, kilichokuwa kikija kwetu na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Mbao zenyewe zilikuwa za msaji, mti ambao wengine huuita mtiki. Zilimgharimu karibu mapato ya mwezi mzima, na mama alinuna siku mbili kwa kuwa fedha ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati.

Katika mbao hizo baba alitengeneza benchi, akaliweka chini ya mwembe, na tangu siku hiyo hakukaa mahali pengine. Alikaa upande wa kushoto, ambapo jua la alasiri halifiki. Kila alipomaliza kunoa patasi aliijaribu makali kwenye ukingo wa ubao, hapo hapo alipokaa, na kila jaribio liliacha mkato mdogo. Miaka ilipopita mikato ile ikawa kama meno ya kitana, na ubao pale alipokaa ukabonyea kidogo, kibonde cha kutosha kukusanya maji mvua ikinyesha. Baba alifariki mwaka 1988. Kibonde kikabaki.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 1993 tulikuwa na harusi ya dada yangu, nami nilitaka nyumba ipendeze. Ukuta ulipakwa chokaa upya, ua ukafagiliwa, na benchi likaonekana kama aibu: limepauka, rangi yake ya majivu, limejaa mistari mistari kama uso wa mzee sana. Nilikodi kijana mwenye randa ya umeme. Mama alikuwa Muheza kwa shangazi. Kazi ilikwisha kwa muda usiozidi dakika 20, na sitaki kusema uongo, nilifurahi. Chini ya majivu yale palitokea rangi ya asali, na harufu ikatoka kama ya ngozi mpya, harufu ambayo ubao ulikuwa umeifungia ndani kwa miaka ambayo hatuijui idadi yake. Tukapaka vanishi mara mbili. Lilimetameta.

Mama aliporudi alilisifu kwa maneno ambayo mzazi humwambia mtoto aliyejitahidi. Kisha alikaa, akapitisha kiganja chake upande wa kushoto, kutoka ukingoni hadi katikati na kurudi tena, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Aliniuliza, ‘Mwanangu, mahali pake pako wapi?’ Sikuwa na jibu. Randa ilikuwa imekula milimita 4.

Vanishi haikudumu. Masika ya kwanza yalipopita ilianza kupasuka, maji yakaingia chini yake na kukosa pa kutokea, na kabla ya miaka miwili ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya nyoka, ubao chini yake umeota weusi. Ndipo nilipompelekea habari mzee mmoja wa Pangani, fundi wa vyombo vya baharini, aliyekuwa amejuana na baba. Alikuja kwa basi na mfuko wake wa zana. Baada ya shikamoo na marahaba na chai, aliligonga benchi kwa vidole, akalifunua tumbo, akanusa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulielewa siku ile: ‘Nani alikwambia mbao hii inaumwa?’

Nilimwonyesha kwenye mgongo wa benchi, sehemu ambayo randa haikufika, jinsi ilivyopauka. Alicheka. Alisema mvi si ugonjwa.

Nimesoma baadaye maelezo ya wataalamu, nayo yanakubaliana na yule mzee kuliko yanavyokubaliana nami. Ubao umeundwa kwa nyuzi nyembamba na kitu kama gundi kinachozishikamanisha. Nyuzi ni selulosi na gundi hiyo huitwa lignini. Mwanga wa jua huivunja lignini iliyo juu kabisa, mvua ikaiosha, na kinachobaki ni nyuzi tupu zenye rangi ya kijivu. Basi. Tabaka lenyewe ni jembamba kuliko ukucha, na chini yake ubao ni mzima kama siku ulipopasuliwa. Mbao laini za nchi za baridi, zikiachwa juani na mvuani, hukadiriwa kupoteza kama milimita 6 kwa miaka 100; mbao ngumu hupoteza pungufu ya hapo. Nilipiga hesabu hiyo mara kadhaa nikitumaini nimekosea. Kwa dakika 20 nilikuwa nimekula zaidi ya ambavyo jua na mvua vingekula katika umri wote wa baba.

Lakini mzee yule aliniachia jambo jingine pia. Alipolifunua benchi alinionyesha upande wa chini wa ubao wa kukalia, ambao randa haikuugusa. Palikuwa na matundu ya misumari, yamepangwa kwa mistari miwili, na kuzunguka kila tundu palikuwa na duara jeusi. Ukingoni mlikuwa na mabaki ya kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta ikashindiliwa kati ya mbao ili maji yasipite. Alisema, ‘Tazama, chuma kimeoza lakini mti haukuoza.’ Nikaanza kujiuliza kwa nini baba alikubali kununua ubao wa zamani kwa bei ya mapato ya mwezi, ilhali mvule tulikuwa nao, tena mvule ni mti hodari.

Jibu lilinipeleka mbali. Nchi za Arabuni hazina misitu ya kujengea vyombo, na kwa karne nyingi mabaharia wa Sur, Kuwait na kwingineko walifuata msaji katika pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India. Msaji una mafuta yake wenyewe ndani ya nyuzi, mchwa hawaupendi, hautanuki wala kusinyaa sana, na juu ya yote hauli misumari. Mwaloni, ambao Wazungu waliujengea merikebu zao, una tindikali inayotafuna chuma. Kwa hiyo Waingereza walipoanza kujenga manowari za chuma, nyuma ya bamba waliweka msaji. Manowari yao Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilikuwa na bamba la chuma lenye unene wa sentimeta 11 hivi, na nyuma yake msaji wa sentimeta 46. Chombo hicho kingalipo hadi leo, kinatazamwa na watalii huko Portsmouth.

Na sisi tulikuwa tukipeleka nini huko msaji ulikotoka? Tulipeleka boriti. Mikoko ya Rufiji na ya Lamu ilikatwa, ikafungwa, ikapakiwa katika vyombo vya msaji, ikaenda kuezekea nyumba za Ghuba ambako hakuna miti. Mwandishi mmoja, Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Wakuwait hadi Zanzibar na kuingia Rufiji kupakia boriti, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Nilipokisoma nilistaajabu kwamba mti mmoja ulikuja kama chombo na mwingine ukarudi kama shehena, na upepo ule ule ukaleta na kurudisha.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha merikebu ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Alijengewa manowari ya msaji Bombay, ikashushwa majini mwaka 1826, yenye mizinga 74, akaiita Liverpool. Mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa 4 wa Uingereza. Naye akarudishiwa mashua ya anasa iitwayo Prince Regent. Zawadi ya Sayyid ilibadilishwa jina ikawa Imaum, ikapelekwa Port Royal katika kisiwa cha Jamaika, huko ikatiwa nanga na kugeuzwa makao ya mabaharia wanaosubiri kupangiwa vyombo. Katika miaka ya 1860 ikavunjwa. Mara nyingi nimejiuliza mbao zake zilikwenda wapi. Manowari yenye mizinga 74 si mzigo mdogo, na msaji hautupwi. Huenda huko Jamaika yupo mtu ambaye amekalia ubao wa Sultani wetu wala hajui.

Nasema hivyo si kwa mzaha tu. London, kando ya mto Thames, palikuwa na kampuni ya akina Castle iliyonunua manowari za mbao zilizozeeka, ikazivunja, na msaji wake ikautengenezea mabenchi na viti vya bustani, kila kimoja kimegongelewa kibati chenye jina la chombo kilikotoka. Mabwana wa Kiingereza walivinunua wakaviweka kwenye nyasi zao. Basi mambo aliyoyafanya baba ufukoni mwa Tanga mwaka 1963, kwa kukataa kuona msaji ukigeuzwa kuni, wenzake walikuwa wameyafanya London kabla hajazaliwa. Tofauti ni kwamba lake halikuwa na kibati. Jina la ile kotia sikulijua kamwe, wala sikuwahi kumwuliza, jambo ambalo ni kosa langu jingine.

Msomaji asidhani kwamba mti huu umekuja mikononi mwa watu kwa amani siku zote. Mwaka 1885 serikali ya Mfalme Thibaw wa Burma iliitoza faini kubwa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikikata msaji katika misitu yake, ikidai imekata kuliko ilivyolipia. Waingereza wakafanya hiyo sababu ya vita, na kwa wiki chache ufalme ukaisha na mfalme akapelekwa uhamishoni India. Hapo kwetu msaji uliletwa na wakoloni wengine: Wajerumani waliupanda Mhoro, Rufiji, mwaka 1898, pale pale ilipokuwa ikitoka boriti. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mtibwa katika Mkoa wa Morogoro, na Longuza karibu na Muheza, ambalo unaweza kulifikia kutoka kwa shangazi yangu kabla jua halijawa kali. Nimepita huko. Miti imesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, majani makubwa kama sinia, na ukiyasugua mabichi mkononi vidole vinakuwa vyekundu.

Nirudi kwenye benchi. Mzee wa Pangani alinifundisha kuondoa vanishi bila randa. Tulikwangua kwa kipande cha kioo, kwa kufuata nyuzi, siku mbili mfululizo. Kisha akaniuliza kama ninao msasa. Nilimletea karatasi ya dukani. Akaitazama, akaenda zake nyuma ya nyumba za jirani akarudi na majani ya mti. Hapo ndipo nilipotambua, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwamba msasa ni mti kabla ya kuwa karatasi. Ni jamii ya mkuyu, majani yake yamekwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wetu waliyatumia kulainishia mbao kabla ya meli kuleta makaratasi. Majani yale hayali ubao sana. Yanaung’arisha tu na kuuacha na sura yake.

Tulipomaliza niliuliza tupake mafuta gani, kwa maana nilikuwa nimesikia kwamba msaji lazima ulishwe mafuta. Aliniuliza, ‘Mti uliokatwa unakula?’ Kisha akanieleza habari za sifa. Sifa ni mafuta ya maini ya papa, yanayopikwa juani mpaka yanuke kiasi kwamba mpikaji hakaribishwi barazani. Chombo hupakwa sifa kwenye mbao zilizo juu ya maji, na chini hupakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Ni desturi kongwe. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyekuwa akienda kuhiji mwaka 1183, aliona vyombo vya Bahari ya Shamu vilivyoshonwa kwa kamba za nazi vikipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na akaandika kwamba haya ya papa ndiyo bora. Marco Polo naye, karne moja baadaye, aliona vyombo vya Hormuz vikipakwa mafuta ya samaki. Mitepe yetu ya Lamu ilishonwa vivyo hivyo.

‘Chombo kinapakwa kwa sababu kinakwenda maji na kurudi juani,’ akasema mzee. ‘Kamba zikikauka zinakatika, mbao zikikauka zinaachana. Benchi lako linakwenda wapi?’

Sikumsikiliza. Niliitaka ile rangi ya asali, labda kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekipata badala ya kibonde. Nilinunua mafuta ya kitani, nikayachanganya na tapentaini, nikapaka, nikasubiri robo saa, nikafuta yaliyobaki juu, na baada ya siku mbili nikarudia. Mafuta ya kitani si kama ya nazi. Ya nazi hubaki mabichi na kuchacha. Ya kitani huvuta hewa na kuganda yakawa kama utando. Katika kuvuta hewa hutoa joto, na hapo pana hatari ambayo hakuna aliyeniambia. Jioni ya siku ya kwanza niliyafinyanga matambara niliyofutia nikayatupa kwenye ndoo jikoni. Usiku mama aliamka kwa harufu. Ndoo ilikuwa ikitoa moshi bila moto wowote kuwashwa, na katikati ya matambara palikuwa pameshakuwa pekundu. Jiko letu liliezekwa makuti. Yeyote atakayepaka mafuta hayo na ayatandaze matambara yake kwenye kamba, moja moja, au ayaloweke majini. Asiyakusanye hata kwa saa moja.

Benchi lilipendeza hadi masika. Katika unyevu wa Tanga kuvu iliyapenda mafuta ya kitani kuliko nilivyoyapenda mimi, na ubao ukaota madoa meusi kutoka ncha hadi ncha. Niliosha kwa sabuni na brashi, nikapaka tena. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mara ya tatu nikaliacha kopo likiwa na robo tatu ya mafuta, na nadhani limo stoo mpaka leo, yamekwisha kuwa kama ngozi.

Yule mzee alikuwa amependekeza jambo jingine kabla ya kuondoka: tuung’oe ubao wa kukalia na kuugeuza, upande wa matundu uwe juu. Alisema huko chini kuna historia zaidi, na mtu angeweza kukaa juu ya safari zote za ile kotia. Mimi nilikubali mara moja. Mama alikataa. Alisema, ‘Huko chini ni kwa Wahindi. Yeye hakukaa huko.’ Wala hatukulizungumza tena.

Sasa benchi limepauka tena. Ilichukua misimu miwili tu, na mwanzoni lilikuwa na mabaka mabaka, kisha rangi ikasawazika. Baada ya masika naliosha kwa maji na sabuni ya kawaida, naisugua mbao kwa kufuata nyuzi, naacha ikauke kivulini. Miguu tu ndiyo naipaka kitu, chini kabisa pale inapogusa ardhi na kunyonya maji, kwa kuwa ubao hunywea nchani kuliko ubavuni. Vijiti viwili vya maungio nimebadilisha. Zaidi ya hayo silifanyi lolote.

Mwaka mmoja kabla mama hajafariki nilikuwa nikiliosha, nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka yote ile. Upande wa kushoto, nyuma kabisa, pale ubao wa kukalia unapopita chini ya mgongo wa benchi, randa ya umeme haikuweza kuingia. Pamebaki ukanda wa uso wa zamani, upana wa vidole viwili, umesimama juu kuliko sehemu nyingine kwa zile milimita 4, kama ngazi ndogo. Mwishoni mwa ukanda huo, kwenye ukingo, kuna mikato mitatu ya patasi. Nilimwita mama nimwonyeshe. Alikuja, akakaa, akapeleka mkono nyuma bila kutazama, akaweka kidole gumba juu ya ile ngazi. Alikuwa akikaa hivyo kila jioni na tasbihi yake, nami nilidhani siku zote kwamba anaegemea tu.